Mikunjo Kumi na Minane

Nilikwenda Nairobi kununua sindano za cherehani
na mkanda mmoja wa mashine ya miguu.
Saa nne asubuhi Mtaa wa Biashara ulikuwa umenimaliza.
Nikatenga nauli ya kurudi Tanga,
zikabaki mia saba na themanini, na njaa
ambayo haikuwa njaa ya chapati.

Miaka mitatu niliwashonea ovaroli wajenzi wa barabara
pale Segera. Mpishi wao, Bwana Liang,
kila Jumapili alifunua kikapu cha mianzi
na mvuke ukamlowesha miwani.
Aliinua vidole vitatu, akanipa dimsamu tatu.
Lugha hatukuwa nayo. Tulikuwa na tatu.
Kampuni ikahama, lami ikabaki,
ulimi wangu haujahama.

Hoteli ya kwanza, Kilimani, ilifuga samaki mlangoni
na orodha ya vyakula nzito kama ubao wa kukatia nguo.
Nikahesabu tarakimu kwa ukucha:
kikapu kimoja, mia tisa na hamsini.
"Mko wangapi?" akauliza mhudumu.
Niko mmoja, nikasema, na ndiye huyu anaondoka.

Ya pili ilikuwa rahisi, na tupu.
Saa saba mchana, viti vinatazamana.
Sikuingia. Mwenye mji anajua asichokula.

Askari wa geti la jirani, jina kifuani Nyabuto,
akaniita: "Mama, jua hili unatafuta nini?"
Nikamwonyesha kwa mikono: kidogo, cheupe,
kimefungwa juu kama kibindo.
"Aa, vile vipochi! Achana na vibao.
Fuata buti. Ukiona buti za saruji zinapanda ngazi,
panda nyuma yake."

Nikasimama kando ya muuza matairi.
Zikapita jozi nne, nyeupe kwa vumbi,
mbili za Wachina, mbili za vijana wa Siaya,
wakibishana wote juu ya nondo.
Ngazi za chuma. Hakuna jina, ila kipande cha boksi
chenye namba ya kulipia.
Na foleni! Mbele yangu kumi na mmoja:
mwanafunzi aliyesoma kwa kusimama,
karani wa benki, tai kaitupa begani mapema
kama anayejua mchuzi ule unavyoruka.

Dirishani mwanamke wa Mwingi, Mumbua, anakunja.
Akautazama ushungi wangu kabla sijafungua mdomo:
"Ya nguruwe inapikwa jiko lile, sufuria zake, na mtu wake.
Hapa kuku, mboga, kamba.
Na ya kamba, mteja, imekunjwa na Mkamba."
Foleni ikacheka kicheko cha watu
walioisikia jana, na juzi.

Mimi sikucheka. Nilikuwa kwenye vidole.
Dole gumba linasukuma, cha shahada kinakusanya,
unga unazunguka kama kiuno cha sketi.
Nikahesabu: kumi na minane.
Nikahesabu kingine: kumi na minane.
Nikamkumbuka bibi harusi wa Pongwe
aliyelipia mikunjo ishirini
nikampa kumi na miwili, kwa haraka za Idi.

Vikapu viwili, mia tatu na sitini.
Nikauma, supu ikanichoma kidevu.
Tangawizi kidogo, dhania nyingi.
Dhania hii Liang hakuwa nayo.
Nikakasirika kwa niaba yake mpaka cha tatu,
cha nne nikanyamaza,
cha tano nikaagiza kikapu kingine.

Usiku, ndani ya basi, nikajaribu kwa risiti.
Mkunjo wa tisa ikachanika.
Namanga wakaniuliza nimebeba nini.
Sindano, nikasema,
na deni la mikunjo minane, Pongwe.
Afisa akagonga muhuri. Hakuuliza zaidi.